Orodha Mlangoni

Nimeibandika mlangoni majina saba
kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari.
Aliyechanjwa ana alama, na tarehe,
na tarehe ya pili wiki mbili mbele,
maana dawa nayo huhitaji muda kuizoea damu.
Kabla ya tarehe ya pili, mpendwa,
pita dirishani.

Punta Arenas tumezoea upepo.
Siku ukichachamaa, hufungwa kamba mitaani
wapita njia washike wasipeperushwe.
Hatujazoea binti wa Eleuterio
kuwazuia ndugu zake kizingitini.

"Kwani tuna ukoma?" akauliza shangazi Zunilda.
Hapana, shangazi. Una kikohozi cha wiki tatu
unachokiita baridi.

Mkunga alinichanja nikiwa na mimba ya miezi saba.
Hii yako itapita kitovuni, alisema,
atazaliwa na akiba.
Lakini akiba huliwa.
Sindano yake mwenyewe ni ya miezi miwili,
na hapo katikati hana ukuta ila watu.
Nikamuuliza kifaduro kinalia vipi kwa mchanga.
Akaitupa pamba kwanza.
"Wanaokohoa ni wakubwa. Wadogo hivi
wakati mwingine husahau tu kupumua."

Tangu azaliwe silali, nahesabu.

Mume wangu Ciro alichanjwa akazimia,
kilo tisini, mpakuzi wa bandarini,
muuguzi akampepea kwa kadi yake mwenyewe.
Mpaka leo anasema aliteleza.

Baba akakataa.
Miaka sabini na mitatu, hajui kitanda cha hospitali.
Akaja na ngozi ya mwanakondoo aliyoilainisha mwenyewe,
akasimama dirishani, kofia mkononi.
Nikamwinulia Amparo kama muuza vitambaa.
Pumzi yake ikatia ukungu kiooni,
akaufuta kwa mkono wa sweta,
ukarudi, akaufuta.

Siku ya tatu nikatoka nje.
"Baba, mwezi wa nane huwa unafanya nini?"
"Najua unakokwenda."
"Sema."
"Nachanja majike."
"Wepi?"
"Wenye mimba."
"Mbona usingoje wazae?"

Akautazama mlango-bahari, unavyotoa povu,
akautazama muda mrefu kuliko swali langu.
Kisha akataja jina ambalo nyumbani kwetu
halijawahi kutajwa: Ismenia.
Dada yake. Siku arobaini na moja.
Shambani, theluji imeziba barabara.
"Aliyekuwa akikohoa ni mimi.
Nilikuwa na miaka sita.
Wakaniambia mshike kidogo, mama aoke mkate."

Baba hali mkate wa moto.
Miaka yote tulidhani ni meno.

Sikumjibu. Ningemjibu nini?
Nilimfunga kofia kamba chini ya kidevu
kama ninavyomfunga mtoto,
tukashuka wote wawili hadi zahanati,
tumeinama, upepo ukitupiga ubavuni.

Tarehe ameiandika mwenyewe,
kwa herufi za mtu aliyezoea kutia alama masikio ya kondoo.
Siku kumi na nne alikuja kila jioni,
akisimama nje, akilalamika bega,
akimweleza kila jirani bega linavyomuuma,
kwa fahari, kama aliyetoka vitani.
Siku ya kumi na tano aliingia, akanawa mikono mara mbili,
akakaa kwenye kiti kigumu kuliko vyote,
akanyoosha mikono
na kuirudisha.
"Subiri," akasema. "Subiri kwanza."
Nikasubiri.

Majina sita yana alama.
Zunilda ameacha keki ngazini, chini ya sahani,
jiwe juu yake upepo usiichukue.
Tumeila. Ni tamu, siwezi kusema uongo.
Sahani nimeiosha, nitairudisha kesho,
na ndani yake kijikaratasi
chenye saa za zahanati,
na jiwe lake juu.